Ghala si nyumba kubwa

Juma hili nimeletewa tena hesabu ileile. Fundi rangi hodari, mwenye wateja wa nyumba wanaomsubiri zamu, anataka kuingia kwenye kazi za maghala, maduka na shule. Anachukua bei yake ya mita moja ya mraba ya sebuleni, anaipunguza kidogo kwa kuwa kazi ni kubwa, anazidisha, anapeleka zabuni. Akiulizwa, anasema rangi ni rangi. Imani hiyo imewafilisi mafundi wazuri, na inaniuma kwa sababu mikono yao haina kasoro. Kasoro iko kwenye hesabu.

Kuta za plasta za ndani sina neno nazo. Korido ya ofisi inapakwa kama korido ya nyumbani: msasa, filla ya kuziba nyufa, praima (rangi ya kwanza ya kushikisha), kisha mikono miwili ya rangi. Huko tofauti ni saa za kazi tu, maana mara nyingi utapaka usiku au siku za mapumziko, na asubuhi watu waingie pasiwe na harufu wala vumbi. Malipo ya usiku yaweke kwenye bei tangu mwanzo.

Shida inaanzia kwenye chuma, sakafu na zege. Nyumbani fundi anapaka hadi ukuta "ushike". Jicho ndilo kipimo. Kwenye jengo la biashara mkataba unataja unene wa rangi ikishakauka, kwa mikroni (sehemu ya elfu ya milimita), na msimamizi anakuja na kifaa cha kuupima. Ukipaka pungufu utarudia, hata kama rangi inang'aa na haina mstari hata mmoja.

Kwa hiyo soma karatasi ya kiufundi ya rangi kabla ya kutaja bei. Tafuta asilimia ya mango kwa ujazo, yaani sehemu ya rangi inayobaki baada ya thina au maji kuruka. Zidisha asilimia hiyo kwa 10, gawanya kwa mikroni unazotakiwa kuacha, utapata mita za mraba ambazo lita moja itafunika. Tuseme ni fremu za chuma zenye eneo la mita za mraba 600, epoksi (rangi ngumu ya kuchanganya) yenye mango asilimia 60, unene mkavu mikroni 120. Lita moja inafunika mita 5. Unahitaji lita 120, na hapo hujapoteza hata tone. Aliyezoea rangi ya maji ya ndani, inayofunika mita 10 kwa lita, ameandika lita 60.

Sasa weka upotevu. Vitabu vinapenda kusema asilimia 20 au 30, na kwa 30 zile lita 120 unazigawanya kwa 0.7, zinakuwa 171. Kwa rola kwenye sakafu nakubaliana navyo. Kwa mashine ya kupulizia kwenye vyuma vyembamba vya paa, siviamini: rangi nyingi inapita pembeni ya chuma, na kukiwa na upepo nusu nzima inaweza kupotea. Namba moja ya kufaa kila mahali haipo. Pulizia fremu moja, pima kilichotumika, ndipo uagize iliyobaki.

Kazi ikiendelea, kipimo chako ni kitana: kibati chenye meno ya urefu tofauti, kila jino limeandikwa mikroni zake. Unakisimamisha wima kwenye rangi mbichi, unakibonyeza hadi meno ya pembeni yaguse chuma, unakitoa. Jino la mwisho lililolowa na la kwanza lililobaki kavu yanakuambia unene umo kati yao. Kwa epoksi ile, ukitaka mikroni 120 kavu lazima uone 200 mbichi. Ukiongeza thina asilimia 10 ili rangi iteleze, mango yanashuka hadi kama 54.5, na mikroni 200 zako zitakauka zikiwa 109. Fundi anayeongeza thina "kidogo tu" bila kubadilisha kipimo ameshapunguza unene, na hakuna atakayejua hadi siku ya ukaguzi.

Epoksi yenyewe huja kwenye makopo mawili, rangi na hadina, yaani kigumishi. Changanya kwa uwiano ulioandikwa, wala usikisie nusu kopo kwa macho. Ukishachanganya, saa inahesabu, na joto linaifupisha: nyuzi 10 zaidi zinaweza kukata muda wa matumizi karibu nusu. Changanya kinachoisha ndani ya muda huo. Nje kwenye jua epoksi hupauka na kutoa unga, kwa hiyo mkono wa juu uwe rangi ya poliurethani.

Mabati na vyuma vilivyopakwa zinki visipewe rangi ya mafuta moja kwa moja. Zinki na mafuta ya ile rangi hutengeneza kitu kama sabuni katikati, na baada ya muda rangi inabanduka kama ngozi, chini pakiwa safi kabisa. Osha grisi, kwangua kwa msasa, weka praima ambayo karatasi yake inasema inafaa kupakwa juu ya zinki.

Chuma pia hutoa jasho. Pima joto la chuma chenyewe, si la hewa, na lizidi kwa nyuzi 3 kiwango ambacho umande huanza kushika. Alfajiri ndani ya ghala mara nyingi halizidi. Subiri.

Linalonitia wasiwasi zaidi ni rangi ya zamani. Kuona kama imeshika, ikate kwa kisu mistari sita na mingine sita ya kuikatiza, nafasi ya milimita 2, bandika mkanda, vuta. Vipande vya mraba vikitoka na mkanda, kwangua rangi yote ya zamani. Visipotoka, paka mita moja ya mraba ya rangi mpya juu yake na uiache wiki nzima, kwa sababu thina kali inaweza kukunja rangi ya chini. Hata ikipona simhakikishii mwenye jengo kitu: kipimo kinasema habari za pale kilipofanyika tu, na ukuta wa pili huenda ulipakwa na mtu mwingine. Andika hivyo kwenye zabuni.

Halafu fedha. Nyumbani unapokea malipo ya awali na unamaliziwa siku ya kukabidhi. Kwa mkandarasi mkuu unapeleka ankara mwisho wa mwezi, inakaguliwa, inalipwa baada ya siku 30 hadi 60, pengine zaidi. Kazi ikianza leo, unaweza kulipa mafundi wiki 12 kabla ya kuona shilingi ya kwanza, na rangi umeshainunua. Juu ya hapo hushikiliwa asilimia 5 au 10 ya kila malipo, sehemu yake hadi kipindi cha kurekebisha kasoro kiishe, mara nyingi miezi 6 au 12. Faida yako ikiwa asilimia 10 na kinachoshikiliwa ni 10, faida yote iko mfukoni mwa mwingine.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ichukue kwa mwenye jengo mwenyewe, iwe ya wiki tatu au nne, ya kuta za plasta na chuma kidogo, na uombe malipo kila juma. Nunua kitana kabla ya kununua mashine.