Mkojo Wako Si Damu Yako

Wiki hii tena mgonjwa amenionyesha karatasi ya kupimia mkojo, pH 5.5. (pH ni kipimo cha asidi: chini ya 7 ni asidi, juu ya 7 ni alkali, kinyume chake.) "Daktari, damu yangu imejaa asidi." Ameshaacha malimau, anakunywa maji ya alkali, na kila asubuhi anapima upya. Nimelisikia neno hilo mara nyingi mno.

Damu ya ateri hukaa kati ya pH 7.35 na 7.45, ikishuka chini ya 6.8, kupona ni nadra. Mkojo unaweza kuwa popote kati ya 4.5 na 8, maana humo ndimo figo zinamotupia asidi. Mwili ukivunja protini, hubaki asidi ya takriban milimoli 1 (milimoli ni kipimo cha wingi wa kemikali) kwa kila kilo ya uzito wako kwa siku. Figo huitoa, na papo hapo hurejesha kwenye damu bikaboneti, alkali inayozimua asidi. Mkojo wenye asidi basi ni dalili kwamba takataka zimetoka nje. Nani huona pipa la nje limejaa akasema nyumba haijafagiliwa?

Na hayo maji ninyi mnayoyabeba! Tufanye hesabu. Maji ya pH 9, kwa pH hiyo peke yake, yana haidroksidi, yaani alkali yenyewe, milimoli 0.01 kwa lita. Majimaji ya tumbo yenye pH 2 yana asidi milimoli 10 kwa lita. Yaani mililita 1 ya tumbo inaifuta alkali ya lita nzima. Hata maji hayo yakiwa na bikaboneti ndani yake, ya ziada figo huimwaga. Mapafu, kwa upande wao, hutoa kaboni dioksidi, hewa inayogeuka asidi ndani ya damu, kama milimoli 15,000 kila siku. Hema kwa nguvu dakika chache tu, utakuwa umeipandisha pH ya damu kuliko chupa yoyote iwezavyo. Zitupeni hizo karatasi za kupimia. Mwenye wasiwasi wa kweli apimwe bikaboneti ya damu.

Limau ni kali ulimini tu: asidi yake huunguzwa mwilini ikawa maji na kaboni dioksidi, ukaitoa kwa pumzi.

Maumivu ya misuli siku ya pili baada ya mazoezi si asidi ya laktiki, ile ambayo misuli hutengeneza ikifanya kazi kwa nguvu. Hiyo huwa imeshaondoka saa nyingi kabla.

Saratani nayo hailetwi na "mwili wenye asidi". Uvimbe wenyewe ndio unaotengeneza asidi inayouzunguka, na mlo haufiki huko. Hili linaniuma, kwa sababu anayeliamini huchelewa kutibiwa.

Kuhusu magadi soda, ambayo ni bikaboneti ya sodiamu: mimi mwenyewe huandika vidonge vya bikaboneti kwa mwenye ugonjwa sugu wa figo ambaye kipimo cha damu kimeonyesha bikaboneti yake imepungua. Kujipimia kwa kijiko nyumbani ni kujijaza sodiamu, na ukizidisha, potasiamu hushuka hadi moyo ukapiga ovyo.

Asidi ya kuogopwa ipo. Mwenye kisukari akianza kuhema kwa kina na kwa haraka bila kupumzika, anatapika, pumzi inanukia kama tunda lililoiva kupita kiasi, hapo mapafu yanahangaika kupunguza asidi ya ketoni, ile inayojaa damuni mwili ukichoma mafuta kwa kukosa insulini. Msimpe maji ya alkali, wala msingoje asubuhi. Anahitaji insulini na dripu hospitalini, saa hiyohiyo.