Je, wajua kwa nini shemasi wa Kanisa Katoliki, mhudumu aliye ngazi moja chini ya padre, huwekewa mikono na askofu peke yake?

Ukibahatika kuhudhuria Misa ambayo mashemasi na mapadre wanapewa daraja, yaani wanawekwa wakfu kwa huduma yao, siku moja, tazama mikono. Padre mpya huwekewa mikono kichwani na askofu, kisha mapadre waliopo hupita mmoja mmoja wakifanya vivyo hivyo. Kwa shemasi, akishamaliza askofu, basi. Mapadre hawasogei.

Andiko la kale linalohusishwa na Hipoliti wa Roma, mwandishi Mkristo wa kale, linatoa sababu: shemasi hawekwi kwa ajili ya upadre, bali kwa huduma ya askofu. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mkutano mkuu wa maaskofu, ulilirudia wazo hilo mwaka 1964, ukisema mashemasi huwekewa mikono "si kwa ajili ya upadre, bali kwa ajili ya huduma". Ndiyo maana huniuma kusikia shemasi akiitwa padre nusu. Ni kweli haadhimishi Misa, haungamishi wala hatoi Mpako wa Wagonjwa. Lakini hubatiza, hufungisha ndoa, huongoza mazishi, husoma Injili na kuhubiri, na hayo huyafanya kama mtu aliyepokea Sakramenti ya Daraja kikamilifu katika ngazi yake.

Jina lenyewe latoka kwenye neno la Kigiriki diakonos, yaani mtumishi. Katika Matendo ya Mitume sura ya 6, wajane wa Wayahudi wenye kusema Kigiriki walikuwa wakisahauliwa katika mgawo wa kila siku. Mitume wakawawekea mikono wanaume saba, Stefano akiwa wa kwanza kutajwa. Kitabu hicho hakiwaiti mashemasi, ila Mapokeo ya Kanisa yameuona mwanzo wa ushemasi hapo: penye mjane aliyenyimwa haki yake.

Laurenti, shemasi wa Roma aliyeuawa mwaka 258, aliuishi wito huo hadi kufa. Mapokeo yanasimulia kwamba alipoamriwa kukabidhi hazina ya Kanisa, aliwaleta maskini akasema hazina ndiyo hao.

Baadaye, katika Kanisa la Magharibi, ushemasi ulibaki karibu ngazi ya kupandia tu kuelekea upadre. Mtaguso ulifungua tena mlango wa ushemasi wa kudumu, na Papa Paulo VI akautungia kanuni mwaka 1967. Mwanamume mwenye mke anaweza kuupokea akiwa na umri usiopungua miaka 35, lakini sharti mkewe akubali. Sharti hilo lina uzito kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu shemasi akifiwa na mke, kwa kawaida haruhusiwi kuoa tena. Asiyeoa anaweza kupewa daraja kuanzia miaka 25, naye hujifunga kuishi useja.

Wanaoelekea upadre nao hupitia ushemasi, angalau kwa miezi sita. Hapa ndipo wengi hukosea wakidhani padre huuacha ushemasi wake nyuma. Hauachi kamwe, wala askofu hauachi. Katika adhimisho kubwa, mtazame askofu vizuri: chini ya kasula yake, yaani vazi la juu la Misa, huenda akawa amevaa dalmatika, lile vazi la mikono mipana ambalo ni vazi la shemasi.