Kukausha jengo si kutoa maji

Karibu kila tangazo la kazi ya usafi baada ya mafuriko huahidi "kutoa maji na kukausha", kama vile ni kazi moja yenye majina mawili. Pampu inanguruma, dekio linapita, feni inawashwa hadi jioni, na ankara inaandikwa "jengo limekaushwa". Baada ya wiki chache rangi inavimba, skatingi (ubao wa chini ya ukuta) inapinda, kabati linanuka ukungu, na mwenye nyumba anahangaika kutafuta bomba linalovuja ambalo halipo.

Kukausha jengo ni kuutoa unyevu ulioingia ndani ya ukuta, sakafu na mbao, ugeuke mvuke, kisha mvuke huo uondoke ndani ya jengo, mpaka vipimo vya vitu vilivyolowa vikaribie vipimo vya vitu vya aina hiyohiyo ambavyo havikuguswa na maji.

Kutoa maji ni hatua ya kabla yake, nayo inahusu maji yanayoonekana. Pampu ya kuzamisha hushughulikia kina. Yakibaki ya sentimita moja au mbili, inaingia vakyumu ya maji. Hapa usifanye haraka ya kumaliza, kwa sababu kugeuza lita moja kuwa mvuke hula kama kilojuli 2,400 za joto, na kila lita unayoinyonya ikiwa bado maji inakuokoa gharama hiyo. Chumba cha chini ya ardhi kina sharti lake: udongo wa nje ukiwa bado umeshiba, ukitoa maji yote ya ndani kwa mpigo, shinikizo la nje linaweza kubomoa ukuta. Punguza sentimita 30 hivi, weka alama, ngoja hadi kesho yake. Yakipanda tena, bado ni mapema.

Katikati ya hatua hizo mbili kuna kusafisha, na hakurukwi. Kiwango cha S500 cha IICRC, taasisi ya Marekani inayoweka viwango vya kazi za usafi na ukarabati, kinachofuatwa na wakandarasi wengi wa kazi hii, huyaweka maji ya mafuriko yaliyopita juu ya ardhi katika kundi la 3, lile chafu kuliko yote, pamoja na maji taka, hata yakionekana maangavu. Kwa hiyo tope litoke lote, mazulia na jipsamu iliyolowa vitupwe, nyuso zioshwe kwa sabuni, ndipo ipigwe dawa ya kuua vijidudu. Dawa ikipigwa juu ya tope, nguvu yake inaishia kwenye tope. Na feni ikitangulia usafi, inarusha uchafu hadi vyumba ambavyo maji hayakufika.

Sasa hiyo feni, maana ndiyo inayoleta ubishi. Feni peke yake haikaushi jengo. Inachofanya ni kuondoa tabaka la hewa yenye mvuke lililotulia juu ya uso wa ukuta, ili maji mengine yapate nafasi ya kutoka. Mvuke wenyewe unabaki chumbani. Chukua chumba cha mita 4 kwa 5, dari mita 2.8: ni mita za ujazo 56. Hewa ya nyuzi 25 iliyoshiba kabisa hubeba gramu 23 hivi za mvuke kwa kila mita ya ujazo, kwa hiyo chumba kizima kinabeba lita 1.3 tu. Kuta zilizokaa majini usiku kucha zinaweza kuwa na makumi ya lita. Weka feni nne, funga mlango, na ukomo huo utaufikia mapema; kuanzia hapo feni zinazungusha hewa ileile, na mvuke unaanza kuingia kwenye dari na nguo ambazo hazikulowa.

"Basi fungua madirisha." Inategemea gramu za mvuke zilizomo katika hewa ya nje. Ikiwa nje ni nyuzi 26 na unyevu asilimia 85, hewa hiyo inaingia ikiwa tayari na gramu 21 kwa kila mita ya ujazo, na nafasi iliyobaki ni ndogo mno. Hapo funga, washa mashine ya kunyonya unyevu hewani, na mpira wake wa maji utoke nje au uingie kwenye sinki. Ukitegemea ndoo, ikijaa usiku mashine inazima. Hewa ya nje ikiwa na gramu chache kuliko ya ndani, fungua bila wasiwasi.

Hita nayo hudanganya. Hewa ya nyuzi 20 iliyoshiba ukiipasha hadi nyuzi 30, kipimo cha unyevu kinashuka kutoka asilimia 100 hadi 55 hivi, na hakuna hata tone lililotoka chumbani. Joto linasaidia maji kutoka ukutani, lakini lazima kuwe na kitu cha kuuchukua mvuke.

Idadi ya feni: moja kwa chumba, halafu moja zaidi kwa kila mita za mraba 5 au 6 za sakafu iliyolowa, zikipuliza kufuata ukuta kwa pembe ndogo na zote kuelekea upande mmoja.

Kisha mtu anagusa ukuta kwa kiganja na kusema umekauka. Uso ndio hukauka kwanza, na kiganja hakifiki ndani. Kinachohitajika ni kipima unyevu cha pini, chenye ncha za kuchomeka, na kwanza unapima mahali pakavu. Fremu ya mlango wa chumba kisicholowa ikisoma asilimia 11, ile iliyolowa iletwe hadi 15 au chini yake. Tofauti ya pointi 4 ndiyo lengo la kawaida kwa mbao. Kipima cha mbao ukikichomeka kwenye plasta, namba unayopata si asilimia ya kweli, ni ya kulinganishia na plasta kavu tu. Kwenye zege pini inasoma juujuu, kwa hiyo hutobolewa tundu na unyevu hupimwa ndani yake. Chumvi pia hupandisha namba. Ni chumvi hiyohiyo inayoachwa na maji yakitoka ukutani, unga mweupe ambao wengi huuita fangasi na kuupigia dawa bure. Usugue kwa brashi kavu.

Ukuta wa matofali yenye matundu ni balaa la peke yake: maji husimama ndani ya tofali, na hakuna feni itakayoyafikia. Toa skatingi, toboa matundu kwenye mstari wa chini, yatiririke. Rangi ya mafuta na vigae navyo hufunga njia, na ukuta wa namna hiyo huenda ukachukua wiki nyingi.

Kwa hiyo fundi aliyepampu, akadeki na kuwasha feni siku moja hajafanya kazi mbaya. Aandike tu "kutoa maji na kusafisha" kwenye makadirio yake. Kukausha kupewe mstari wake, kwa bei ya mashine kwa siku, na karatasi ya vipimo vya kila siku iambatanishwe na ankara.