Uchachushaji wa gesi: si suala la tangi kubwa tu

Wengi wakisikia kwamba ethanoli, kileo kinachotumika pia kama mafuta, hutengenezwa kwa kuchachusha gesi, hudhani ni upikaji wa pombe uliobadilishiwa malighafi. Sivyo. Hapa hakuna hamira wala sukari. Kazi hufanywa na bakteria kama Clostridium autoethanogenum, aliyetengwa kwanza kutoka kwenye kinyesi cha sungura, ambaye huishi kwa kaboni monoksidi, gesi ile ile ya jiko la mkaa inayoua watu waliolala chumba kilichofungwa. Kwake yeye sumu ni oksijeni.

Dhana iliyokwisha kugharimu fedha nyingi ni kwamba kilichofaulu kwenye chupa ya maabara kitafaulu kwenye tangi kubwa. Fungua soda: povu lote lile ni kaboni dioksidi iliyokuwa imeyeyuka ndani ya maji. Kaboni monoksidi haiyeyuki hivyo, kwani katika nyuzi joto 25 na mgandamizo wa kawaida lita moja ya maji hubeba miligramu 28 hivi tu, ilhali kaboni dioksidi hupita gramu 1. Ndiyo maana bakteria wanaweza kushinda na njaa huku viputo vya chakula chao vikiwapita na kutokea juu, na mhandisi akabaki kuvisaga viputo hivyo viwe vidogo zaidi bila gharama ya umeme kumeza faida yote.

Usafi wa gesi nao hudharauliwa. Katika kiwanda cha Vero Beach, Florida, kilichogeuza taka za mimea kuwa gesi kwanza, sianidi ya hidrojeni, gesi yenye sumu kali, iliyokuwamo iliwadhuru bakteria, na mradi haukudumu.

Hata hivyo, anayesema teknolojia hii haijatoka maabara amepitwa na wakati: tangu 2018 kiwanda cha chuma cha Shougang nchini China kimekuwa kikitoa ethanoli kwa gesi inayotoka kwenye matanuri yake, na cha Ghent, Ubelgiji, kimejengwa kwa uwezo wa lita milioni 80 kwa mwaka.

Lakini si kweli kwamba moshi wote hugeuka mafuta. Pasipo hidrojeni, molekuli 6 za kaboni monoksidi hutoa molekuli 1 ya ethanoli na 4 za kaboni dioksidi. Yaani theluthi mbili za kaboni huishia hewani. Hidrojeni ikiongezwa hesabu hubadilika, ila nayo ina bei yake.