Kujikanda na Kunyoosha Misuli ya Kichwa, Shingo na Taya: Maswali na Majibu

Kichwa kinaniuma kwenye paji la uso. Kwa nini naambiwa nijikande shingo?

Neva za sehemu ya juu ya shingo na neva kubwa ya uso na taya hupeleka taarifa zake mahali pamoja katika shina la ubongo, na ndiyo maana misuli iliyokaza chini ya kisogo huweza kuhisiwa kama maumivu ya paji la uso au nyuma ya jicho. Misuli ya shavuni nayo, ikichoka, huleta maumivu yanayofanana kabisa na ya jino. Panapouma, basi, si lazima pawe ndipo penye chanzo.

Nianzie wapi?

Anza na taya, kwa sababu ndiyo inayosahauliwa. Weka ncha za vidole kwenye mashavu, kati ya mfupa wa shavu na pembe ya taya, kisha uma meno kidogo: msuli utakaotuna chini ya vidole ndio unaoutafuta. Legeza taya, acha mdomo wazi kidogo, bonyeza na uteremshe vidole polepole kuelekea chini. Ukikuta kifundo kinachouma, tulia hapo kwa sekunde 30 hivi huku ukipumua taratibu, mpaka kianze kulegea. Kisha kanda panja kwa kuzungusha vidole. Malizia kwa kugusisha ncha ya ulimi kwenye kaakaa, nyuma ya meno ya juu ya mbele, na kufungua mdomo polepole pasipo ulimi kubanduka. Rudia mara 6.

Na shingo?

Lala chali, weka mipira miwili ya tenisi ndani ya soksi, uifunge, kisha uilaze chini ya kisogo pale fuvu linapokutana na shingo, mpira mmoja kila upande wa uti wa mgongo. Acha uzito wa kichwa, ambao ni takriban kilo 4 hadi 5, ufanye kazi kwa dakika 2 au 3.

Kwa kunyoosha, keti wima, shika ukingo wa kiti kwa mkono wa kulia ili bega lisipande, na uinamishe kichwa upande wa kushoto hadi uhisi mvuto, si maumivu. Kaa hivyo sekunde 20 hadi 30, kisha badili upande. Usikaze pumzi na usidundedunde.

Nibonyeze kwa nguvu kiasi gani?

Wengi hubonyeza kupita kiasi wakidhani kwamba maumivu makali ndiyo dawa, ilhali msuli unaoumizwa hujikaza zaidi kujilinda. Maumivu yasizidi 4 kwa kipimo cha 10. Sehemu ya mbele na ya ubavuni mwa shingo, unaposikia mapigo ya mshipa wa damu, usiibonyeze kamwe.

Nifanye nini ili maumivu yasirudi?

Meno ya juu na ya chini hayapaswi kugusana isipokuwa wakati wa kutafuna na kumeza. Jichunguze mara kadhaa kwa siku, hasa unapokazia macho kazi au simu: midomo ifungwe, meno yaachane, ulimi utulie kwenye kaakaa. Naamini mazoea haya yana faida kubwa kuliko ukandaji wote nilioueleza. Angalia pia dawa unazomeza, kwa kuwa kutumia dawa za kawaida za maumivu siku 15 au zaidi kwa mwezi, kwa miezi kadhaa, kunaweza kuwa chanzo cha maumivu mapya ya kichwa.

Ni wakati gani nisijikande, bali niende hospitali?

Nenda mara moja ikiwa maumivu yamekuja ghafla kwa ukali usio wa kawaida, yameambatana na homa na shingo ngumu, udhaifu wa upande mmoja wa mwili au ulimi mzito, au yameanza baada ya kuanguka au kugongwa. Maumivu ya taya yanayoandamana na kubanwa kifua yanaweza kutoka kwenye moyo. Mwenye umri wa zaidi ya miaka 50 anayepata maumivu mapya ya kichwa, panja likiuma linapoguswa na taya ikichoka anapotafuna, asilikande panja hilo hata kidogo. Huenda mishipa yake ya damu imevimba, na asipotibiwa haraka anaweza kupoteza uwezo wa kuona.