Cheti cha Jeshi Si Leseni: Kwa Askari wa Zamani Wanaotaka Kazi ya Kukadiria Hasara za Bima Texas

Simu huanza kuongezeka mwezi Mei, kabla msimu wa vimbunga vya Atlantiki haujafunguliwa rasmi Juni 1. Tangu kimbunga Beryl kilipopiga pwani ya Texas Julai 8, 2024 na kuwaacha wateja zaidi ya milioni mbili wa Houston na maeneo ya jirani bila umeme, dawati letu la mafunzo ya leseni halijapata nafasi ya kupumua. Wanaopiga ni pamoja na ndugu zetu wanaozungumza Kiswahili, Wakenya, Wakongo, Warundi na Watanzania, waliovaa sare ya Marekani. Wapo walioingia kwa MAVNI, mpango wa kuandikisha jeshini wageni wenye ujuzi maalumu, ulioanza 2009 na kuweka Kiswahili kwenye orodha ya lugha zilizotafutwa na jeshi.

Swali lao ni lile lile. "Nimetumikia miaka minane, nimekabidhiwa magari ya thamani kuliko nyumba hizi, sasa mnaniambia nikakae darasani saa arobaini?" Ndiyo, ndugu, ukakae, au ufanye mtihani wa jimbo. DD-214 ni cheti cha kutoka jeshini, na kinafungua milango mingi, ila si leseni ya bima wala hakijawahi kuwa.

Utaratibu wa Texas uko hivi. Leseni ya adjasta, yaani mkadiriaji wa hasara, wa aina zote za bima hutolewa na Idara ya Bima ya Texas. Mwombaji awe ametimiza miaka 18. Anafanya mtihani wa jimbo, au anasoma kozi ya saa 40 iliyoidhinishwa na Idara, yenye mtihani wake mwishoni. Akifaulu huo, ule wa jimbo anasamehewa. Kisha anachukuliwa alama za vidole na kutuma maombi pamoja na ada ya dola 50. Idara ina utaratibu wa kuwasamehe ada askari na maveterani, lakini sharti uombe na uambatishe ushahidi. Aliyekwisha kulipa huku cheti kiko sandukuni asitupigie simu kulalamika.

Wanaoishi Ohio wanasema kwao adjasta wa kujitegemea, asiyeajiriwa na kampuni ya bima, haombwi leseni. Ni kweli, kwao. Siku ukitumwa Texas au Florida baada ya kimbunga utaombwa, na ndiyo maana wakazi wa majimbo ya namna hiyo huchukua leseni ya Texas au Florida na kulihesabu jimbo hilo kuwa lao la nyumbani kwa shughuli za leseni.

Kuhusu gharama: GI Bill, mpango wa serikali wa kugharamia masomo ya maveterani, hurudisha hadi dola 2,000 kwa kila mtihani wa leseni, hata ukifeli. Unalipa kwanza, unatunza risiti, unajaza fomu 22-0803, unasubiri. Kinachorudishwa ni cha mtihani. Kozi ni jambo jingine, nayo lazima iwe imekubaliwa na Idara ya Maveterani. Uliza kabla hujatoa kadi yako. Aliye bado kazini anaweza kuomba SkillBridge, akajifunze kwenye kampuni katika siku 180 za mwisho huku jeshi likiendelea kumlipa mshahara. Mkuu wake lazima aidhinishe, na baadhi ya matawi yamepunguza siku hizo kulingana na cheo.

Je, nidhamu ya jeshi inasaidia? Sana, ila si pale watu wanapodhani. Nilikuwa uwanja wa mazoezi na sajini mmoja wa zamani. Alipanda ngazi vizuri kuliko mwanafunzi yeyote wa darasa lile. Akachora kwa chaki mraba wa futi kumi kwa kumi kwenye kila mteremko wa paa, akahesabu alama za mvua ya mawe moja moja, akikibonyeza kigae kwa dole gumba asikie kama kimelegea. Kazi safi. Akashuka, akaandika: "Paa limekaguliwa. Limeharibika. Libadilishwe."

Nikamwuliza, "Afande, mteremko wa kaskazini una alama ngapi?"

"Saba."

"Umeziandika wapi?"

Akagusa paji la uso.

Mali bila daftari huisha bila habari, na dai la bima ni hivyo hivyo. Ripoti ya jeshini humfikia mkuu anayekujua. Hii itasomwa na mtu wa ofisini ambaye hajawahi kukuona, na mwaka ujao pengine na wakili. Picha ya kila mteremko, hesabu ya kila mraba, umri wa paa, halafu makadirio ndani ya Xactimate, programu ambayo kampuni nyingi huitumia. Na saa inakwenda: sheria ya Texas kwa kawaida huipa kampuni siku 15 za kazi kukubali au kukataa dai baada ya kupata kila ilichohitaji, na siku 5 za kazi kulipa baada ya kuarifu kwamba italipa. Ukichelewa wewe, imechelewa kampuni.

Hesabu nayo iwe kichwani. Paa jipya ni dola 18,000. Uchakavu dola 6,000. Kiasi ambacho mwenye nyumba hujibebea mwenyewe, asilimia 2 ya nyumba iliyokatiwa bima ya dola 200,000, ni dola 4,000. Hundi ya kwanza ni dola 8,000. Kama mkataba unalipia thamani ya paa jipya, ile 6,000 inafuata kazi ikikamilika. Mama mwenye nyumba atakuuliza mlangoni kwa nini si 18,000, na utamweleza kwa heshima, bila sauti ya gwaride.

Sasa niseme jambo linalotuchosha. Kuna askari wa zamani ambao, kwa kuwa Kiingereza chao ni kizuri, huwasaidia majirani kudai fidia. Kumtafsiria bibi barua ya bima ni wema. Kukubaliana na kampuni kiasi cha fidia kwa niaba yake, kisha ukachukua asilimia, hata ukiiita chai, ni kazi ya adjasta wa umma, yenye leseni yake nyingine kabisa. Huko Florida kuifanya bila leseni ni kosa la jinai la daraja la tatu: hadi miaka 5 jela na faini hadi dola 5,000. Hapa Texas hata mwenye leseni hiyo hazidishi asilimia 10 ya malipo, na fundi wa paa haruhusiwi kujadili dai la paa analolijenga yeye. Tumelieleza hili mara nyingi, na bado tunaambiwa "lakini alikubali mwenyewe." Kukubali kwake hakukupi leseni.

Fomu ya maombi inauliza pia kuhusu makosa, yakiwemo ya kijeshi. Wengi hudhani mahakama ya kijeshi ilibaki kambini. Haikubaki. Liseme na uambatishe hati, kwani kuficha kunaweza kukugharimu kuliko kosa lenyewe. Aliyetiwa hatiani kwa kosa kubwa la udanganyifu au uvunjaji wa uaminifu anahitaji kibali cha maandishi cha mdhibiti wa bima. Sheria ya shirikisho, kifungu cha 1033, inatishia hadi miaka 5 jela kwa anayefanya kazi ya bima bila hicho kibali. Kila kesi ina mambo yake, kwa hiyo pata ushauri wa mwanasheria badala ya kutegemea makala haya.

Mwisho, leseni huhuishwa kila miaka 2 kwa saa 24 za masomo, na kila saa iliyokosekana ina faini ya dola 50. Walio kwenye jeshi la akiba wakiitwa tena wanaweza kuomba nafuu ya masomo hayo. Tuma nakala ya amri ya kuitwa kabla leseni haijaisha, si ukirudi.