Kapasuliwa moyo, mbona mnamuulizia tumbo?

Hapa Tanzania, vijana wengi wanaobadilishiwa valvu za moyo, yaani vilango vinavyopitisha damu upande mmoja, waliharibiwa valvu hizo na homa ya rumatiki, iliyoanzia kwenye mafindofindo ya utotoni ambayo hayakutibiwa. Mgonjwa wa Kondoa au Mpwapwa anaweza kupandishwa treni Dodoma hadi Dar es Salaam, Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete. Ndugu wanaomfuata hushangaa wakimsikia muuguzi kila asubuhi: "Umetoa upepo? Umepata choo?" Maswali yaliyo hapa chini yanaanzia kwenye mshangao huo.

Moyo ndio uliopasuliwa. Tumbo linaingiaje?

Kwa njia ya damu. Daktari akitaka kufungua moyo na kubadilisha valvu, moyo husimamishwa, na kazi yake ikashikwa na mashine ya moyo na mapafu. Mashine ya aina hii ilifanikiwa kwa binadamu kwa mara ya kwanza mwaka 1953, mikononi mwa daktari John Gibbon wa Philadelphia, Marekani. Imeokoa watu wasiohesabika, ila haisukumi damu kama moyo. Mara nyingi damu hupita mfululizo bila mdundo. Shinikizo likishuka, mwili hubana mishipa ya tumbo ili ubongo usikose. Dawa za kupandisha presha nazo zinaweza kuibana zaidi.

Mtu wa Dodoma anaujua mgao wa maji. Presha ya bomba ikipungua, wa mabondeni bado wanakinga ndoo, wa mlimani wanasikia hewa tu. Ndani ya utumbo mwembamba kuna vijidole vidogo mno vinavyofyonza chakula, na ncha zake ndizo nyumba za mlimani. Oksijeni huzifikia mwisho, kwa hiyo ndizo zinazoumia kwanza. Kisha damu inaporudi kwa kasi huleta madhara yake juu ya yale ya mwanzo.

Ncha zikiumia, hasara ni nini?

Fikiria ukuta wa tembe. Fito zimesimama na udongo umeziba kila upenyo. Ukuta wa utumbo una tabaka moja tu la seli, zikiwa zimeshikana kwa protini zinazofanya kazi ya ule udongo. Upande mmoja kuna bakteria wasio na idadi, upande wa pili kuna damu yako. Udongo ukipasuka, vipande vya bakteria, hasa sumu iitwayo endotoksini, hupenya. Mwili huwaka kwa homa, presha huyumba, na figo zinaweza kusumbuka.

Nisikutishe. Seli za ukuta huu hujibadilisha zenyewe kila baada ya siku tatu hadi tano hivi, na kwa wagonjwa wengi jeraha hupona bila mtu kujua kwamba lilikuwepo. Utumbo kufa kabisa kwa kukosa damu baada ya upasuaji wa moyo ni nadra, chini ya mgonjwa mmoja katika mia. Tatizo ni kwamba wakipatwa, wengi hawaponi, kwa sababu hugundulika wamechelewa.

Kwa nini wachelewe, na wako ICU, wodi ya wagonjwa mahututi, penye mashine zote hizo?

Kwa sababu mgonjwa amelala kwa dawa. Hawezi kusema "tumbo linaniuma". Kipimo cha laktati, kemikali inayoongezeka kwenye damu seli zikikosa oksijeni, husaidia, lakini laktati hupanda kwa mambo mengi, hata misuli au ini vikielemewa. Ipo protini iitwayo I-FABP inayokaa ndani ya seli za ncha za vijidole. Seli ikipasuka, humwagika kwenye damu. Ni ushahidi mzuri, ila ni ushahidi wa seli iliyokwisha kuumia.

Homoni nazo zinatueleza nini?

Hapa ndipo penye utamu. Watu wengi wakisikia homoni hufikiria uzazi, kumbe homoni ya kwanza kabisa kutambuliwa, sekretini, ilipatikana utumboni, mwaka 1902 huko London. Utumbo una seli zinazoitwa seli za L, nyingi zikiwa mwishoni mwa utumbo mwembamba na kwenye utumbo mpana. Ukila, hutoa homoni ya GLP-1 inayosaidia kudhibiti sukari na kupunguza njaa. Pamoja nayo hutoa GLP-2, ambayo hulisha na kukarabati ukuta wenyewe.

Mwaka 2017 watafiti wa Ufaransa walionyesha kwamba seli hizo pia ni walinzi. Panya walipojeruhiwa ukuta wa utumbo, au kukatiwa damu kwa muda na kurudishiwa, GLP-1 ilipanda haraka, kabla dalili za uvimbe hazijaonekana kwenye damu. Kwa binadamu pia, kipande cha utumbo kilipokoseshwa damu, homoni ilipanda. Yaani mlinzi anapiga yowe wakati mwizi bado anatoboa ukuta. Ndiyo maana wanaotibu moyo wameanza kuitazama homoni hii.

Basi tuombe kipimo hicho?

Hapana, bado. Mlinzi huyu hupiga yowe hata kwa wageni: GLP-1 hupanda ukila, hupanda ukiwa na maambukizi makali mahali pengine. Tena huvunjwa ndani ya dakika mbili hivi, kwa hiyo damu huhitaji chupa maalumu na barafu mara tu inapotolewa. Kwa sasa ni kazi ya utafiti. Mimi ningechagua muuguzi anayelishika tumbo la mgonjwa kila zamu kuliko kipimo ambacho hakijajua kutofautisha chakula na hatari.

Si ndiyo hiyo hiyo ya sindano za kupunguza unene?

Dawa kama Ozempic huiga GLP-1, ndiyo. Ukiitumia mwambie daktari wa usingizi mapema, maana huchelewesha chakula kutoka tumboni.

Tumesharudi Kondoa. Tuangalie nini?

Tumbo kujaa na kuwa gumu, kutapika mfululizo, choo chenye damu au kutotoa upepo kabisa: rudini hospitali siku hiyo hiyo. Lililo baya zaidi ni maumivu makali ya ghafla, mgonjwa anagaagaa, lakini ukilibonyeza tumbo ni laini. Usidanganywe na ulaini huo. Huenda donge la damu limetoka kwenye moyo na kuziba mshipa wa utumbo, na hapo kila saa ina thamani.

Donge hilo ndilo linalozuiwa na warfarini kwa wenye valvu ya chuma. Na mlenda? Majani ya kijani yana vitamini K, inayopunguza nguvu ya warfarini. Hakuna anayekukataza mlenda na ugali wako wa uwele. Kula kiasi kile kile kila wiki, na kabla ya kubadilisha kiasi hicho, waambie kliniki wanaokupima INR, yaani kipimo cha muda damu inaochukua kuganda.